Kabla ya kukodi shamba Kilosa, ichuje ramani kwanza

WAKATI wa kiangazi mashamba ya bonde la Mkondoa wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, huonekana yote sawa. Udongo ni mweusi, ardhi ni tambarare, na dalali anayemzungusha mgeni huwa na jibu moja kwa kila swali: hapa maji hayafiki. Mkulima huhesabu fedha zake, hulipia ekari kumi kwa msimu mzima, hununua mbegu, hulipa trekta, kisha husubiri mvua. Ikifika masika ndipo hujua kama alikodi shamba au alikodi njia ya mto.

Hasara ya namna hiyo si ngeni Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maelfu ya watu wakakosa makazi na njia ya Reli ya Kati ikakatika. Miaka minne baadaye, Januari 2014, mafuriko yalibomoa daraja la Dumila kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, na maji yakaingia katika nyumba na mashamba ya Dumila na Magole.

Pamoja na hayo, mgeni anayetoka Gairo, Ifakara au Dar es Salaam kuja kutafuta shamba hana namna rahisi ya kujua maji yalifika wapi katika miaka hiyo. Wenyeji wanajua, lakini si wote watakaosema ukweli mbele ya mteja mwenye fedha mkononi.

Habari njema ni kwamba sehemu ya ushahidi huo imehifadhiwa, na mara nyingi inapatikana bure. Picha za setilaiti, ramani za mito, takwimu za mvua na mipaka ya vijiji zimewekwa katika maghala ya takwimu za kijiografia kwenye mtandao wa intaneti. Tatizo kubwa la mtumiaji mpya ni kuzipata zile zinazomhusu kati ya maelfu yasiyomhusu. Ndiyo sababu kujua kutafuta na kuchuja kumekuwa stadi ya kibiashara kama ilivyo kujua kupima uzito wa gunia.

Ghala lenye vibandiko

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ghala la takwimu za kijiografia ni sawa na ghala la mazao ambalo kila gunia lina kibandiko: ndani mna nini, limetoka wapi, limeletwa na nani na lini. Katika ghala hili magunia ni matabaka ya ramani, picha na nyaraka. Daftari lake ndilo huitwa katalogi.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ni miongoni mwa walioanza mapema. Mwaka 2001 lilianza kutengeneza programu ya katalogi iitwayo GeoNetwork, ambayo baadaye ilitumiwa na taasisi nyingi duniani. Mwishoni mwa muongo huo ikazaliwa nyingine iitwayo GeoNode, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ambayo humwezesha hata asiye mtaalamu kupandisha ramani, kuitazama na kuitafuta kwa kutumia ukurasa wa kawaida wa intaneti. Malawi ni mojawapo ya nchi zilizoitumia kujenga ghala lao la taifa.

Tanzania nayo ina mfano wake. Kupitia mpango wa Resilience Academy, vyuo vikuu vinne vya nchini, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) cha Morogoro na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, vilishirikiana na Chuo Kikuu cha Turku cha Finland na Benki ya Dunia kujenga ghala la takwimu za majanga ya tabianchi kwa kutumia GeoNode hiyo hiyo. Nje ya hapo kuna Kituo cha Kikanda cha Ramani cha RCMRD, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975 na ambacho Tanzania ni mwanachama, pamoja na ghala la Umoja wa Mataifa la takwimu za kibinadamu lililofunguliwa mwaka 2014.

Karibu maghala yote haya yana sura moja. Juu kuna kisanduku cha kuandika neno unalotafuta. Pembeni kuna vichujio: aina ya kitu, mada, maneno muhimu, eneo, mmiliki na tarehe. Mwisho kuna namna ya kupanga majibu, kwa mfano mapya yatangulie, au yanayotazamwa zaidi yatangulie.

Mikumi ipi?

Mtego wa kwanza uko kwenye jina. Mtu akiandika Mikumi peke yake anaweza kuletewa ramani za mitaro na nyumba za Mikumi ya Magomeni, jijini Dar es Salaam, eneo lililo zaidi ya kilomita 200 kutoka mji mdogo wa Mikumi ulio kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa. Hilo si kosa la kompyuta, kwani neno ni lile lile. Kilosa nayo ina wajina wake: ipo kata ya Kilosa katika Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma.

Dawa yake ni kichujio cha eneo. Badala ya kutegemea jina, mtumiaji huivuta ramani ndogo iliyo pembeni hadi ionyeshe sehemu anayoitaka, na katalogi humletea vile tu vinavyogusa sehemu hiyo. Mji wa Kilosa uko karibu na nyuzi 6 na dakika 50 kusini mwa Ikweta na nyuzi 37 mashariki. Mji wa Mikumi uko kwenye nyuzi 37 hizo hizo mashariki, lakini umeshuka hadi karibu nyuzi 7 na dakika 24 kusini. Magomeni iko kwenye nyuzi 39 na zaidi mashariki. Mstatili unaoanzia juu kidogo ya Kilosa na kuishia chini kidogo ya Mikumi huifukuza Dar es Salaam yote kwa mkupuo mmoja.

Anayeandika namba mwenyewe akumbuke alama ya kutoa. Kompyuta huhesabu nyuzi za kusini kwa alama hiyo. Ukiandika 6.83 bila alama ya kutoa, ramani haitakupeleka Kilosa. Itakupeleka kusini mwa Ethiopia.

Kilosa ya mwaka gani?

Mtego wa pili ni mipaka inayobadilika. Hadi mwaka 2012 Gairo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa, na mwaka huo ikawa wilaya inayojitegemea. Kwa hiyo tabaka la ramani lililochorwa kabla ya hapo na kuandikwa Kilosa lina Gairo ndani yake, na lililochorwa baadaye halina.

Mfanyabiashara anayepima ukubwa wa soko anaweza kupotoka vibaya hapo. Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia Wilaya ya Kilosa watu 489,513. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha watu 438,175. Asiyejua historia atadhani watu wameihama wilaya, kumbe Gairo ilikuwa imeondoka na watu wake 193,011. Ukijumlisha namba hizo mbili za mwaka 2012 unapata zaidi ya watu 631,000 katika eneo lile lile la zamani. Wateja waliongezeka, ila mstari wa mpaka ndio uliosogea.

Kichujio cha tarehe humwepusha mtu na kosa hilo, mradi ajue kwamba kila kitu katika katalogi kina tarehe zaidi ya moja. Ipo tarehe ya takwimu zenyewe, na ipo tarehe ya kupandishwa mtandaoni. Ramani ya mafuriko ya mwaka 2010 iliyopandishwa mwaka 2019 itajitokeza juu ya orodha pale mtu anapochagua mapya yatangulie, wakati ni ya zamani kuliko nyingi zilizo chini yake. Kabla ya kuiamini, fungua maelezo yake usome takwimu zilikusanywa lini, na kwa njia gani.

Udongo hauko kwenye kilimo

Kichujio cha mada nacho kina mambo yake. Katalogi nyingi hufuata mgawanyo wa mada 19 uliowekwa na Shirika la Viwango la Kimataifa (ISO) katika kiwango chake namba 19115 cha mwaka 2003. Mada ya kilimo imo, na ndani yake hujumuishwa ufugaji. Lakini katika kiwango hicho udongo umewekwa chini ya taarifa za kisayansi za ardhi, pamoja na mmomonyoko na maporomoko. Mafuriko yamewekwa chini ya maji ya nchi kavu, pamoja na mito na mabwawa. Barabara ziko chini ya usafirishaji.

Kwa hiyo mkulima anayechagua kilimo peke yake na kuona hakuna udongo wala mafuriko asikate tamaa. Mzigo upo, ila umewekwa kwenye rafu nyingine. Aidha, waliopandisha takwimu hawafuati mgawanyo huo sawasawa, hivyo ni vema kuanza na mada zote, kisha kupunguza kidogo kidogo. Vichujio vitatu vikiwashwa kwa pamoja na majibu yakawa sifuri, kizime kimoja kimoja ili ujue ni kipi kilichofunga mlango.

Lugha ni kikwazo kingine. Maelezo mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Anayeandika mafuriko anaweza asipate kitu, lakini akiandika "flood" akapata orodha nzima. Maneno machache yanatosha kwa kazi nyingi za shambani: "soil" kwa udongo, "rainfall" kwa mvua, "river" kwa mto, "boundary" kwa mpaka na "road" kwa barabara. Ni vema kuyaandika katika daftari kabla ya kwenda kwenye kompyuta ya kulipia kwa saa.

Kuna pia kichujio cha aina. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji mara nyingi huhifadhiwa kama waraka, wala si tabaka la ramani. Baadhi ya vijiji vya Kilosa, kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, vilipitia mipango hiyo vilipoingia katika mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012. Anayetafuta matabaka ya ramani peke yake anaweza kupita pembeni ya waraka unaomhusu.

Chembe moja, ekari ngapi?

Kabla ya kuipa ramani uzito, mkulima aulize chembe yake moja, inayoitwa pikseli, inafunika eneo gani. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa kila ramani huonekana nzuri kwenye kioo.

Picha za setilaiti za Landsat za Marekani, ambazo hutolewa bure tangu mwaka 2008, zina pikseli ya mita 30 kwa 30. Ekari moja huingia pikseli zipatazo nne na nusu. Picha za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza mwaka 2015, zina pikseli ya mita 10, hivyo ekari moja hupata pikseli kama 40. Hizi zinaweza kuonyesha tofauti ndani ya shamba dogo.

Ramani ya udongo ya dunia ya SoilGrids ina pikseli ya mita 250, yaani pikseli moja ni zaidi ya ekari 15. Mwenye ekari mbili haoni shamba lake hapo, anaona wastani wake na majirani. Takwimu za mvua za CHIRPS, zinazoanzia mwaka 1981, zina chembe ya takribani kilomita 5 kwa 5, ambayo ni zaidi ya ekari 6,000. Zinafaa kumwambia mtu kama masika ya eneo lake yamekuwa yakichelewa kwa miaka mingi. Hazifai kumwambia kama jana mvua ilinyesha kwake au kwa jirani.

Mfano wa ekari kumi

Mkulima anayetaka ekari kumi kando ya Mkondoa anaweza kuifanya kazi hii kwa siku moja, akisaidiwa na afisa ugani au kijana wa familia anayejua kompyuta.

Kwanza, asimame katikati ya shamba na kuchukua vipimo vya mahali kwa simu ya mkononi. Aandike namba zote, pamoja na alama ya kutoa.

Pili, afungue katalogi na kuchora mstatili mdogo kuzunguka namba hizo. Asiuchore mdogo mno. Mto unaoharibu shamba hutoka mbali, na maji ya Mkondoa huanzia milimani kabla ya kufika Kilosa na kuendelea hadi Mto Wami.

Tatu, achague tarehe. Kwa Kilosa vipindi vya kuanza navyo ni Desemba 2009 hadi Februari 2010, kisha Januari na Februari 2014, halafu masika ya kila mwaka tangu 2015.

Nne, atumie kichujio cha mawingu. Katalogi za picha za setilaiti humruhusu mtu kusema anataka picha zenye mawingu chini ya asilimia fulani. Akianza na 20 na kukosa, aongeze hadi 40. Mvua inayoleta mafuriko huja na mawingu, na picha nyingi za siku zenyewe huwa nyeupe tupu. Hapo ndipo rada ya Sentinel-1 inaposaidia, kwa kuwa hupenya mawingu. Setilaiti hiyo ilirushwa Aprili 2014, miezi michache baada ya maji ya Dumila, hivyo anayetafuta picha zake za Januari 2014 asipoteze fedha za kifurushi. Kwa mwaka 2010 zipo za Landsat, ila baadhi zina mistari mieusi kutokana na hitilafu iliyoipata Landsat 7 mwaka 2003.

Tano, atazame picha ndogo ya mfano kabla ya kupakua. Faili moja kamili la Landsat huweza kukaribia gigabaiti moja. Kwa mtu wa vifurushi vya simu, kuchuja vizuri ni kuokoa fedha.

Katika picha ya rada, maji yaliyotulia huonekana meusi. Lakini jaruba la mpunga lililojazwa maji kwa makusudi nalo huonekana hivyo, kwa hiyo weusi si lazima uwe mafuriko. Kinyume chake pia ni kweli. Setilaiti hupita kwa zamu, Landsat moja kila baada ya siku 16, na mafuriko ya siku mbili yanaweza kuja na kuondoka bila kupigwa picha. Kutokuona maji kwenye picha si cheti cha usalama.

Ndiyo maana hatua ya sita haiko kwenye kompyuta. Ni kurudi kijijini na kuwauliza wazee na majirani wa shamba, siyo dalali, swali lenye tarehe: mwaka 2010 maji yalifika wapi? Mtu mwenye picha mkononi huulizwa maswali machache na hupewa majibu ya kweli zaidi. Ofisi za Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu zilizoko Morogoro, pamoja na watafiti wa kilimo wa kituo cha Ilonga kilichopo Kilosa, ni mahali pengine pa kuuliza.

Ramani si hati

Matumizi mabaya ya ramani hizi ni hatari kama kutozitumia. Mstari wa mpaka unaoonekana kwenye katalogi unaweza kuwa umechorwa kwa makadirio na mtu asiyewahi kufika Kilosa. Katika wilaya hii mpaka si jambo la mzaha. Desemba 2000 zaidi ya watu 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mtu asiende na karatasi aliyoitoa mtandaoni kumwambia jirani kwamba amevuka mpaka.

Haki ya ardhi ya kijiji hulindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na uthibitisho wake ni hati ya hakimiliki ya kimila na kumbukumbu za kijiji, si picha ya setilaiti. Anayekodi aandikishane na mwenye shamba mbele ya uongozi wa kijiji, mipaka ikitajwa kwa alama zinazoonekana.

Hali ni hiyo hiyo upande wa Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na mipaka yake imo katika maghala mengi ya dunia. Inasaidia kujua kama shamba unaloonyeshwa liko jirani na hifadhi, maana jirani wa hifadhi ni jirani wa tembo. Lakini mchoro wa dunia unaweza kukosea kwa mamia ya mita, na mamia hayo ndiyo tofauti kati ya shamba halali na uvamizi. Mpaka wa kisheria uko kwenye tangazo la serikali na vigingi vilivyopo ardhini.

Kwa mnunuzi wa mazao, kanuni ni ile ile. Ramani ya barabara kati ya Dumila, Kilosa na Mikumi itamwonyesha njia zilipo, na tarehe yake itamwambia kama ni ya kabla au baada ya lami. Haitamwambia kama kalavati la juzi bado lipo. Hilo ataambiwa na dereva aliyepita asubuhi.

Gharama ya kazi yote hii ni saa chache na kifurushi kimoja cha intaneti. Gharama ya kuipuuza ni kodi ya ekari kumi, mbegu, mbolea, trekta na msimu mzima. Dalali akisema hapa maji hayafiki, mkulima mwenye daftari lake anaweza kumjibu kwa upole: ngoja kwanza tuone Januari ya mwaka 2010.